Yah: Kukataliwa kwa Mahudhurio Niliyomshikia Mwanangu

Leodegar Shirima,
Duka la Mabegi ya Shule,
Mtaa wa Lindi, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi Mlingoti,
Gerezani.

Ndugu Mwalimu Mkuu,

YAH: MAHUDHURIO YA ANSBERT LEODEGAR, DARASA LA TANO, AMBAYO NI YANGU

Tafadhali husika na kichwa hicho, ambacho nimekipigia mstari kwa rula ya Ansbert mwenyewe ili usije ukasema sikufuata utaratibu. Natumaini u mzima, Mwalimu Sitara, na kwamba koo lako limepona tangu Ijumaa uliponifokea mstarini mbele ya shule nzima. Sisi huku hatujambo, ila moyo hautulii, na sababu ni wewe.

Nimepokea taarifa yako kwamba mwanangu Ansbert hatapanda darasa la sita mwakani. Unasema atakariri la tano, kwa kuwa muhula huu mzima hakuonekana shuleni. Mwalimu, daftari lako la mahudhurio linasema vingine. Linasema Ansbert Leodegar yupo. Jumatatu yupo, Jumanne yupo, Alhamisi yupo, Ijumaa yupo. Nina uhakika kwa sababu aliyekuwa akiitika ni mimi.

Sipendi kugombana na watu waliosoma. Lakini mtoto ni wangu na haki ni yake, kwa hiyo nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba ili usipotee njiani.

1. KUHUSU MAANDISHI YA UKUTANI. Mwanzoni mwa muhula uliamuru yaandikwe getini kwa rangi ya bluu, kwa herufi kubwa kuliko jina la shule: MWANAFUNZI ASIPOFIKA, MZAZI AFIKE. Leo unaniambia maana yake ni mzazi aje aeleze mtoto yuko wapi. Sasa mbona hukuandika hivyo? Nafasi ukutani ilikuwepo, mmechora twiga. Huku Kariakoo neno likishapanda ukutani limekuwa mkataba. Mimi nimeandika dukani "Begi likitoka halirudi", na mteja akija na begi lililokatika mkanda namwonyesha ukuta, tunaagana kwa amani. Ukuta wako ulisema asipofika yeye, afike mzazi. Nikafika.

Wala sikuanza kwa utundu. Siku ya kwanza mzigo wangu ulikwama upande wa Jangwani, maji yamejaa barabarani, nikamwambia Ansbert anishikie duka niende nikauangalie. Wewe si mtu wa biashara, acha nikueleze. Kushikiana ndio maisha yetu. Jirani yangu Nurdin, muuza vitenge, akienda kuswali ananiambia, "Baba Ansbert, nishikie hapo," nami namshikia. Nikienda jumuiya kusali, yeye ananishikia. Anayeshika anauza, anapatana bei, anatukanwa na wateja kwa niaba ya mwenyewe, na jioni hakuna mtu anayesema duka la Nurdin leo halikufunguliwa. Kesho yake ikaja taarifa yenu kwamba mzazi afike. Mzazi akija shuleni, duka libaki na nani? Ikabidi Ansbert abaki alishike. Kwa hiyo siku hiyo naye hakufika shule. Kwa hiyo ikabidi mzazi afike tena. Mwalimu, unauona mzunguko huo? Nimeuzunguka muhula mzima, na ulioujenga ni wewe.

2. KUHUSU KUITIKA. Siku hiyo ulikuwa kikaoni manispaa. Mlinzi wenu, Mzee Twaha, aliniuliza nimefuata nini. Nikamwonyesha ukuta. Akausoma taratibu kwa kidole, akasema, "Basi si umeshafika? Ingia darasani kwake usubiri." Nikaketi nyuma kwenye dawati la Ansbert, pembeni ya Hashimu, mtoto mwenye adabu ila ana viwiko. Mwalimu Najma akaingia, akaanza kuita majina bila kuinua kichwa, na simlaumu, maana watoto wale ni wengi na daftari ni moja. Akafika kwa Ansbert Leodegar. Kimya. Akaita mara ya pili. Kimya tena, halafu mtoto mmoja wa mbele akasema, "Huyo mtoro huyo, ticha."

Sijui kama uliwahi kusikia jina la mwanao likiitwa halafu lisiitikiwe na mtu. Jina hilo nilimpa mimi, ni la babu yangu. Nikajikuta nimesema, "Nipo!" Mwalimu Najma akatia alama ya vema, akaendelea. Alipoona sauti ilikuwa nzito kidogo kwa darasa la tano akainua macho. Nikamwelekeza kwenye ukuta, kwa dirishani. Akausoma, akaketi kwanza, akafuta machozi, kisha akasema, "Kaa basi, baba Ansbert, ila usiwe msumbufu." Na msumbufu sikuwa, isipokuwa kama ilivyoelezwa kwenye namba ya tatu na ya tano.

3. KUHUSU UJI NA UFAGIO. Saa nne kengele ikigongwa naambiwa uji ni wa wanafunzi. Sawa. Ila jioni zikigawiwa zamu za usafi, kiranja Waridi ananikabidhi ufagio wa njiti na kona yote ya nyuma ya vyoo. Yaani kwenye uji mimi ni mzazi, kwenye ufagio mimi ni mwanafunzi. Naomba shule ichague moja. Waridi huyohuyo amekuwa akiniandika kwenye wapiga kelele kila anapopata nafasi, wakati mimi nilikuwa namshauri tu Hashimu kuhusu begi lake, ambalo lina zipu mbovu na hakulinunua kwangu.

4. KUHUSU SHIKAMOO. Asubuhi watoto wananiamkia, "Shikamoo baba Ansbert!" Naitikia marahaba, dunia iko sawa. Dakika si nyingi Mwalimu Najma anaingia, darasa zima linasimama: "Shikamoo mwalimu!" Mwalimu Najma ni rika la binti wa dada yangu Caroline. Nikinyamaza, sina nidhamu. Nikisema pamoja nao, nimemwamkia mtoto. Siku moja nilijaribu kusimama na kumwambia "Mambo?" nikatolewa nje. Sasa hivi nachezesha mdomo bila kutoa sauti, jambo ambalo nililiacha tangu nilipotoka kwaya.

5. KUHUSU JUMATANO. Hili ndilo lililoniumiza kuliko yote, na nitalisema bila kuficha.

Jumatatu ya wiki ile Mwalimu Najma alifundisha vigawe, nikaelewa. Jumanne akafundisha sehemu, nikaelewa kumshinda Hashimu, kwa kuwa kugawana ndiyo kazi yangu. Jumatano mzigo wangu ukafika hatimaye, nikakosa shule. Siku moja tu, Mwalimu! Alhamisi narudi, nakuta ubaoni pameandikwa "Tafuta KDS", na watoto wote wanaandika kama walizaliwa nayo. Nikamwuliza Hashimu kwa sauti ya chini KDS ni nini. Akaninong'oneza huku basi la mwendokasi linapita nje. Alisema Kigawe Kidogo cha Shirika. Mimi nikasikia Kigawe Kidogo cha Shirima.

Nikanyoosha mkono. Nikasimama. Nikauliza kwa heshima zote kwa nini kila penye kugawana, cha kidogo awe nacho Shirima, kwani akina Massawe na akina Temu wako wapi.

Darasa lilianguka kwa kicheko. Mwalimu Najma alitoka nje, nikamwona dirishani amenipa mgongo, mabega yanatikisika. Aliporudi alinieleza kwamba ni shirika, si Shirima. Nikamwambia shirika nalijua. Niliwahi kuwa na shirika la chupa za chai na bwana mmoja Gaudens, na siku ya kugawana nilikuwa na homa, sikwenda, nikaletewa vifuniko. Kwa uzoefu wangu, kigawe kidogo cha shirika ni cha yule ambaye hakuwepo siku ya kugawana. Mwalimu Najma akasema, "Baba Ansbert, hebu rudia hiyo sentensi polepole." Nikairudia. Sikuona alichokuwa anatafuta.

Mpaka leo nikijumlisha nusu na theluthi napata mbili ya tano, na Waridi ananicheka. Nashitaki hapa rasmi: shule inawezaje kufundisha jambo kubwa namna hiyo siku ambayo mtu hayupo? Kama ni la maana, lifundishwe kila siku kidogo kidogo, ili anayekosa siku moja asikute wenzake wameshavuka mto naye amebaki ng'ambo na viatu mkononi.

Na madhara hayakuishia kwangu. Kila jioni Ansbert alikuwa ananisubiri mlangoni pa duka, ananivua begi, ananiuliza mmesoma nini. Vigawe nilimfundisha vizuri, hata mama yake Mektilda, aliyekuwa anapanga mabegi, alisifu. Ilipofika KDS ilibidi niseme kitu. Nilimwambia ni jambo la ukoo, atalielewa akikua. Ameliandika hivyo kwa kalamu ya wino.

6. KUHUSU USHAHIDI KUTOKA ROMBO. Unaweza kusema mahudhurio hayashikiwi. Mwalimu, kwetu yanashikiwa. Kila Desemba sisi tunapanda nyumbani Rombo, na asiyefika kwenye Krismasi wazee wanamwona hata kama hawasemi. Mwaka mmoja biashara ya Januari ilinibana, watoto wote wa Dar wanataka mabegi mapya, nikamtuma mdogo wangu Aaron anishikie Krismasi. Alikaa kwenye kiti changu. Mbuzi alipokatwa, kipande changu alikula yeye. Picha ya familia alisimama nilipotakiwa kusimama. Hakuna aliyelalamika. Ni mama yangu tu, tangu mwaka ule, nikimpigia simu anaanza kwa kuuliza, "Ni Aaron?" Lakini huyo ni mtu mzima, masikio yamechoka, na sioni kama linahusiana.

7. KUHUSU TAIFA. Sasa tazama mbele kidogo, maana uongozi ni kutazama mbele. Ukuta wako ukitiiwa na wazazi wote wa Kariakoo, sote tutakuwa kwenye madawati. Maduka yatashikwa na darasa la tano. Wateja wa jumla kutoka Lubumbashi na Moroni watapatana bei na watu wanaolala saa mbili. Watoto watazoea biashara, hawatarudi tena. Sisi tutamaliza la saba, wengine tutafaulu, maana tumeshaanza kushindana, na tutapangiwa sekondari za bweni huko Songea. Nani atabaki kuwa mzazi? Na tukitoroka bweni, mzazi afike! Bibi za watoto watateremka kutoka Rombo, wengine watavuka kutoka Mafia, wajipange getini kwa Mzee Twaha na vikapu vyao. Bibi akiwa darasani, ng'ombe wake atakamwa na nani? Nchi itakosa maziwa kwa sababu ya sentensi moja ya rangi ya bluu. Sisemi ulikusudia hivyo. Nasema ndiko tunakoelekea.

8. KUHUSU MSTARI WA IJUMAA. Mimi nilikuwa nimesimama mwisho wa mstari wa darasa la tano, kwa urefu, kucha nimekata, soksi nimevuta. Uliuliza kwa kipaza sauti, "Wewe mzazi, unafanya nini kwenye mstari wa wanafunzi?" Nikajibu, "Nipo, mwalimu!" kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa. Ukakasirika. Walinicheka hadi darasa la kwanza. Mtu anayehudhuria hivi, katika shule inayolia kila siku kwamba watu hawahudhurii, angepewa hata daftari la zawadi.

9. KUHUSU KUKARIRI. Hapa sina mzaha. Taarifa yako ilipofika Ansbert aliisoma kabla yangu, maana anasoma upesi. Hakulia. Aliketi kwenye ngazi za duka akauliza kama Hashimu atapanda. Nikamwambia atapanda. Akauliza dawati lake litakaliwa na nani, na kama mwakani wakiita majina ya darasa la sita watalipita la kwake moja kwa moja au watalisoma kwanza ndipo wakumbuke. Nikaenda kupanga mabegi ambayo yalikuwa yameshapangwa. Anasubiri kusikia kutoka kwako, Mwalimu. Mwenzio mimi naona haya kumtazama usoni.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, alama zote za vema nilizozichuma kwa mgongo wangu kwenye dawati lile zihesabiwe kuwa za Ansbert, ili apande na wenzake. Pili, kama sheria inataka lazima mtu akariri, nikariri mimi. Nimeshazoea, Mzee Twaha ananijua, na KDS bado nina deni nayo. Tatu, kwa vyovyote utakavyoamua, somo la Jumatano lirudiwe.

Nisalimie Mwalimu Najma na umwambie sentensi ile bado naifikiria. Nisalimie Mzee Twaha, mama wa uji ambaye siku mbili alinipa kwa siri, Hashimu na viwiko vyake, pia Waridi, ambaye akikua awe hakimu, ila asiwe wa kesi yangu. Nurdin anakusalimu ingawa hamjuani.

Ni mimi niliyehudhuria,

Leodegar Shirima
(mzazi wa Ansbert na, hadi Ijumaa, Ansbert)

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimempa mke wangu Mektilda barua hii aikague. Ameisoma hapohapo kwenye kaunta, kwenye kiti chake anachokalia kila siku tangu tulipofungua duka hili. Alicheka hadi namba ya nne. Halafu akaacha kucheka, akarudi namba ya kwanza, akaweka kidole pale niliposema duka libaki na nani, akaniuliza, "Mimi hapa nilikuwa nani?"

Mwalimu, nimelitafutia jibu swali hilo tangu saa nane, halina KDS. Mektilda anasema muhula mzima ameuza yeye, amepatana bei yeye, ametukanwa yeye, na kwamba Ansbert hakushika hata begi moja. Anasema mtoto alikuwa anashinda kwenye ngazi, na kengele yenu, ile rimu ya gari, ikigongwa asubuhi anainua kichwa na kusema, "Sasa wanaita majina." Kisha anahesabu kwa vidole, halafu anasema, "Sasa wamefika kwangu." Mektilda alidhani nilikuwa nayajua hayo. Sikuyajua, nilikuwa shuleni.

Basi ombi la kwanza liache, na la pili. La tatu naomba libaki kwa huruma yako, maana kuna mtu ameandika kwa wino kwamba KDS ni jambo la ukoo. Kesho Ansbert anakuja mwenyewe, begi jipya, zipu nzima. Mwambie Mwalimu Najma akifika kwenye jina lake asubiri kidogo, atakuwa na kitete. Mimi nitakuwa nje ya dirisha, chini ya twiga wenu, nasikiliza tu. Naahidi sitaitika.